Mama anataka bahari, mimi nataka milima, na mke wangu hataki hata kuliona jedwali

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni baba wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 13 na mdogo 7. Tunaishi Marekani, katika majimbo ya katikati ambako ardhi ni tambarare mpaka macho yanachoka. Majira haya ya joto mama yangu mzazi anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 68, ana presha ambayo dawa inaishika vizuri, na goti la kulia humsumbua akipanda ngazi. Kazini nimepata likizo ya siku 10, na nimeambiwa nichague mwenyewe: katikati ya Juni au wiki ya mwisho ya Julai kuingia Agosti.

Tangu nifike nchi hii nimekuwa na hamu ya kuiona milima ya magharibi. Nimekesha na ramani, na mpango wangu ni huu: tunatua Seattle, tunakodi gari, tunapita North Cascades mpaka Glacier kule Montana, tunarudi Mlima Rainier, tunateremka Crater Lake katika jimbo la Oregon, tunatokea pwani, kisha tunapanda nayo mpaka Olympic na kurudi Seattle. Hifadhi za taifa tano, na bahari juu yake. Kila kitu kiko kwenye jedwali, siku kwa siku, saa kwa saa.

Mke wangu alilisoma jedwali lote kimya, akaliweka mezani, akaniuliza, "Hapa mama analala saa ngapi?" Tangu siku hiyo habari ya safari imekuwa ya kukwepana. Yeye anataka tufute milima yote, tuchukue hoteli moja ufukweni, watoto waogelee na mama apumzike. Mama mwenyewe nilipompigia simu alisema, "Nipelekeni popote mwanangu, ila nikiiona na bahari ya huko nitashukuru." Ni mtu wa pwani, baba yake alikuwa mvuvi. Mtoto mkubwa yeye anauliza tu kama kutakuwa na mtandao.

Nimefikiria tugawane: mke na mama wabaki hoteli ya pwani, mimi na watoto twende milimani, tukutane siku ya mwisho. Je, ni busara au nitaonekana najipenda? Na kati ya Juni na Julai, upi ni mwezi mzuri?

Baba wa Wawili

*

Marahaba mwanangu, na mama akifika mwambie karibu sana.

Naanza na mkeo, kwa sababu swali lake limejibu nusu ya barua yako. Nimelipigia hesabu jedwali lako. Seattle mpaka Glacier ni mwendo wa saa 9 ukienda moja kwa moja, na ukizungukia North Cascades zinaongezeka. Glacier mpaka Rainier ni siku nzima nyingine barabarani. Rainier mpaka Crater Lake ni saa kama 7. Ukijumlisha pwani ya Oregon na safari ya kurudi, unapita saa 35 kwenye usukani, na hapo sijaweka foleni za getini, choo cha mtoto wa miaka 7, wala goti la mama linalokakamaa akikaa kitini muda mrefu. Siku 10 zako ni nane tu, maana ya kwanza na ya mwisho zinaliwa na ndege.

Glacier ni pazuri, sibishi. Lakini barabara yake ya Going-to-the-Sun, kilomita 80 za kuukatiza mlima, kwa kawaida haifunguki yote mpaka mwishoni mwa Juni au Julai imeshaingia, na hifadhi yenyewe iko jimbo jingine kabisa, mbali na uwanja wako wa ndege. Ifute. Crater Lake nayo ifute, pamoja na kina chake cha mita 594. North Cascades ina barafu za milimani zaidi ya 300 na haina hata kiingilio, inauma kuiacha, lakini iko upande usio na bahari. Futa.

Sasa nimrudie mkeo, maana naye kuna jambo hajaambiwa. Ile hoteli ya ufukweni anayoiwaza, watoto wakiingia na kutoka majini mchana kutwa, upande ule wa Pasifiki haipo. Julai maji ya bahari pale huwa na nyuzijoto 10 hadi 15 hivi. Mtoto anaingia mpaka magotini, anapiga kelele, anatoka. Mikondo ni mikali, mawimbi yanakuja na magogo, na mchana wenyewe ukifika nyuzi 18 wenyeji wanasema leo kuna joto. Ni bahari ya kuvaa sweta na kuitazama. Mwambie mapema, kabla hajalipia hoteli, ili asije akafika na mavazi ya kuogelea akakulaumu wewe.

Kwa hiyo ninyi wawili mnagombania vitu viwili ambavyo viko ndani ya uzio mmoja. Hifadhi ya Taifa ya Olympic, iliyoanzishwa mwaka 1938, ina milima yenye barafu katikati, msitu wa mvua ubavuni, na kipande cha pwani ya mwitu chenye urefu wa kilomita zaidi ya 110. Mlima wake mkubwa, Olympus, una mita 2,432. Hakuna barabara inayokatiza katikati, ila Barabara Kuu ya 101 inaizunguka rasi yote, na unachepuka kuingia unakotaka. Ongeza Rainier, ambao uko saa mbili na nusu hivi kutoka Seattle, na hapo una mlima wa mita 4,392 unaoonekana kama umewekwa peke yake duniani. Hifadhi mbili. Hiyo ndiyo safari yenu.

Kuhusu mwezi, chukua Julai bila kujiuliza mara mbili. Watu wakisikia majira ya joto hudhani theluji imekwisha kila mahali. Paradise, sehemu inayopendwa kuliko zote pale Rainier, iko mita 1,646 tu juu ya usawa wa bahari, lakini majira ya baridi ya 1971 hadi 1972 ilianguka theluji ya jumla ya mita 28.5, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Theluji ya namna hiyo haiondoki kwa adabu. Katikati ya Juni njia nyingi za pale bado zimefunikwa, na barabara ya kwenda Sunrise, upande wa pili wa mlima, kwa kawaida hufunguliwa mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai. Mama mwenye goti bovu kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka ni safari ya hospitali. Mwisho wa Julai kuingia Agosti njia zimekauka na maua ya mlimani yanafunguka, mteremko mzima unakuwa zambarau, mweupe na mwekundu. Kasoro za Julai ni mbili: watu ni wengi, na kiangazi kikikolea moshi wa moto wa misitu huweza kuficha mlima wote. Ukikuta moshi, kimbilieni pwani mapema, huko upepo wa bahari mara nyingi husaidia.

Ningepanga hivi. Siku ya kutua msiende popote, laleni karibu na uwanja wa ndege, mama apate usingizi. Kesho yake nendeni Rainier, mlale Ashford au kijiji kingine nje ya geti la Nisqually, usiku mbili au tatu. Paradise kuna kijia cha lami cha Nisqually Vista, kisichofika kilomita mbili, na mama ataweza kukitembea taratibu akiuona mto wa barafu mbele yake. Wewe na mkubwa mna njia ya Skyline, karibu kilomita 9 kwa mzunguko, yenye kupanda kwa kweli. Hapo ndipo utaikata kiu yako. Toka alfajiri, rudi saa saba mchana, wengine wakusubiri wakiwa wamepumzika. Kugawana kwa saa sita kunatosha. Kule kugawana kwako kwa wiki nzima sikukubali hata kidogo: mama amepanda ndege kuja kuwaona ninyi, halafu umwache hotelini na mkamwana wake bila gari, wakitazamana? Na mkeo naye yuko likizo, au hilo halimo kwenye jedwali?

Kutoka Rainier endesheni mpaka pwani, eneo la Kalaloch, kama saa tatu na nusu au nne mkipumzika Ziwa Quinault. Hapa ndipo msikimbie. Usiku tatu ikiwezekana.

Na hapa mpe mama kazi. Wageni wengi wanafika ufukwe ule saa yoyote, wanakuta maji yamejaa, wanapiga picha wanaondoka. Mtu wa pwani anajua kwamba unakwenda na maji. Mwambie mama kwamba kule pia maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ila kupwa kumoja hushuka chini zaidi ya kwingine, na miezi ya kiangazi kule kukubwa huangukia asubuhi, mchana kweupe. Tafuta jedwali la maji la kituo cha La Push kwenye tovuti ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, ni bure, mpelekee, akuchagulie siku za bamvua karibu na mwezi mpevu au mwezi mchanga. Kisha panga usiku wa pwani kufuata siku zake, hata kama itabidi mwanze na pwani na kumaliza na Rainier. Jedwali moja litakuwa na maana kuliko lile lako, na litakuwa la kwake.

Fikeni saa moja kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa. Kwenye miamba ya pwani ile mtaona viti vya pweza vya rangi ya chungwa na vya zambarau vimeng'ang'ania jiwe, vikubwa kama kiganja na zaidi, na kwenye vidimbwi kuna viumbe vya kijani kama ua, mdogo akigusa kwa kidole kilicholowa vinajikunja taratibu vikikishika. Waguse kwa upole wasibandue kitu. Mwani unateleza vibaya, kwa hiyo mama asipande miamba, akae kwenye mchanga karibu na vidimbwi vya chini, atawaonyesha mengi kuliko kibao chochote cha hifadhi.

Ufukwe wa Rialto ndio rahisi kwa goti lake, maana maegesho yako ubavuni mwa ufukwe. Utakutana na magogo makubwa, mengine kipenyo chake kinampita mtoto wako wa miaka 7, yamekauka yakawa meupe, yamerundikana mstari mzima wa juu. Yanavutia kukalia, na maji yakiwa mbali hakuna tabu. Maji yakipanda ni jambo jingine: wimbi moja likilinyanyua gogo la tani kadhaa, aliye juu yake au mbele yake hana pa kukimbilia. Watu wamekufa hivyo. Jambo hili usimwachie mtoto mkubwa asimamie, lisimamie mwenyewe. Vilevile msizunguke rasi za mawe maji yanapoanza kujaa, mtafungiwa upande wa pili mkiwa hamna njia ya kupanda. Mkitaka kufika lile tundu la mwamba kaskazini mwa Rialto, ni kilomita 5 hivi kwenda na kurudi, nendeni wewe na mkubwa wakati wa kupwa, na mrudi mkiwa na saa mkononi.

Msitu wa Hoh uko njiani kati ya pwani na kaskazini. Hupata mvua kama mita 3.5 kwa mwaka, na huo ndio ukijani mtakaouona: ndevu za kuvumwani zinaning'inia kwenye kila tawi, na miti iliyoanguka imegeuka vitalu, juu ya gogo moja lililolala mtahesabu miche iliyojipanga foleni. Kijia cha Hall of Mosses ni kilomita 1.3 kwa mzunguko, mama anakiweza. Tatizo ni maegesho. Julai yakijaa, magari husimamishwa getini na foleni hufika saa moja au mbili. Ingieni kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Msiogope giza, mwezi huo jua linazama karibu na saa tatu usiku.

Usiku mbili za mwisho laleni Port Angeles au kando ya Ziwa Crescent. Hurricane Ridge, mita 1,598, mnafika kwa gari mpaka juu, mama anashuka garini na kuona safu yote ya milima ya Olympic na barafu zake. Jengo kuu la wageni pale liliungua mwaka 2023, kwa hiyo bebeni chakula na maji yenu. Hapa pia ndipo ombi la mkeo linapopata jibu: Sol Duc kuna mabwawa ya maji ya moto ya madini, ya kulipia, na watoto watarukaruka mpaka wachoke. Mama na presha yake asiingie kwenye yale ya moto kabla daktari hajasema. Kurudi Seattle pitieni kivuko cha Bainbridge, dakika 35 majini, gari likiwa chini na ninyi juu sitahani. Mama atakipenda kuliko vitu vingi mlivyovilipia.

Fedha. Kila moja ya hifadhi hizi mbili hutoza dola 30 kwa gari, na tiketi inadumu siku saba mfululizo. Jumla 60. Pasi ya mwaka kwa mkazi wa Marekani ni dola 80, kwa hiyo isikushawishi isipokuwa una hifadhi ya tatu mwaka huo huo. Tangu 2026 wasio wakazi wana bei yao, dola 250 kwa pasi, na katika hifadhi 11 zinazojaa watu kuna nyongeza ya dola 100 kwa kila mgeni asiye na pasi. Glacier yako imo katika hizo, Olympic na Rainier hazimo. Kuhusu kibali cha kuingia kwa saa maalumu, Rainier ilikianzisha 2024, mwaka uliofuata ikakibakiza upande wa Sunrise tu, na kila msimu masharti hupangwa upya, basi soma tovuti ya hifadhi kabla hujalipa chochote kisichorudishwa.

Vyumba ndivyo vinavyokwisha kwanza. Hoteli za ndani ya hifadhi watu huziwahi hata mwaka mzima kabla, lakini wengi hughairi, kwa hiyo chungulia kila asubuhi kabla hujaenda kazini. Ukikosa Kalaloch, mji wa Forks unatosha, si mji wa kupigia picha lakini una mafuta, duka la vyakula na vitanda, na Rialto iko karibu. Jaza tangi hapo, na kabla ya kuingia Rainier pia, ndani hakuna kituo. Mtandao nao utapotea saa nyingi, kwa hiyo shusha ramani kwenye simu mapema, na mkubwa mwambie ukweli sasa ili hasira ziishe mkiwa bado nyumbani.

Mama mkatie bima ya afya ya wageni kabla hajapanda ndege, na usome vizuri inasemaje kuhusu ugonjwa aliokuja nao, maana nyingi hukwepa hapo hapo. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, za siku zote na akiba. Urefu wa Paradise na Hurricane Ridge kwa kawaida si wa kutisha, ila akiwa na mashaka yoyote ampigie daktari wake aliyeko huko nyumbani, anayemjua. Sweta, koti la mvua na viatu visivyoteleza mnunulieni ninyi, asihangaike navyo.

Leo jioni usimpelekee mkeo jedwali jipya. Mpe karatasi yenye majina matatu tu, Rainier, Kalaloch, Port Angeles, yeye aamue usiku ngapi kila mahali na vyumba vya aina gani. Mama apewe jedwali la maji ya bahari. Wewe una asubuhi yako ya Skyline. Akikupa usiku mbili tu za Rainier, zichukue ushukuru.